Mdomo wa Kambale: Jinsi ya Kulinda Vifaranga Katika Maji Madogo ya Mgori

Mfugaji anayeanza hununua vifaranga vya perege na kambale kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa ndio wanaopatikana, akawamwaga katika bwawa moja siku hiyohiyo. Miezi mitano baadaye anavua kambale wanene na perege wa kuhesabika kwa vidole. Anaanza kulaumiwa mdiria, anafuata kenge, kisha watoto wa jirani. Mwizi yumo majini muda wote, anazidi kunenepa.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye maji kidogo: bwawa la nyuma ya nyumba lililotandikwa turubai, tangi la saruji, simtanki lililokatwa juu, hata tangi la kioo sebuleni. Katika ziwa samaki mdogo ana pa kukimbilia. Kwako hana, mpaka umtengenezee. Na kwa Mgori, hapa Singida, kuna jambo la ziada. Mvua zetu ni za msimu mmoja. Zikishakatika, maji hupungua mwezi hadi mwezi mpaka zirudi mwishoni mwa mwaka. Bwawa lililokuwa na nafasi ya kutosha mwezi wa Machi, kufika Septemba limekuwa chumba kimoja, na mkubwa na mdogo wanalala humohumo.

Pima mdomo, usihukumu tabia

Watu huulizana samaki gani ni mkali na yupi ni mpole. Perege anasifiwa upole kwa sababu chakula chake kikubwa ni mwani na vijidudu vya majini. Lakini kifaranga kilichotoka kuzaliwa kikipita mbele yake, atakimeza kama anavyomeza kiluwiluwi cha mbu. Samaki karibu wote wanafuata kanuni moja: kinachoingia mdomoni ni chakula.

Kwa kambale kanuni hiyo ina kona moja ambayo lazima uijue. Akiwa bado mdogo, chini ya sentimita nane hivi, hamezi mwenzake mzima. Anamkamata mkiani na kupanda naye polepole kuelekea kichwani, halafu kichwa, ambacho ni kigumu na kipana, anakikata na kukiacha. Ukienda bwawani asubuhi ukakuta vichwa vidogo vya kambale vimelala pembezoni bila miili, hayo siyo maradhi, na dawa haitakusaidia. Ni ndugu wanalana. Katika umri huo hata anayelingana naye kwa urefu hayuko salama, maana anaanzia mkiani.

Akishapita urefu huo anabadili mtindo. Sasa anameza mzima mzima, kichwa kikitangulia, na hapo kipimo kinakuwa rahisi: kichwa cha anayeliwa lazima kiwe chembamba kuliko mdomo wa anayekula. Chukua beseni jeupe lenye maji, weka humo kambale wako mkubwa kuliko wote na mdogo kuliko wote, uwatazame kwa juu. Mdomo wa kambale ni mpana, unakaribia upana wa kichwa chake chote. Kichwa cha yule mdogo kikiweza kuingia hapo, usiwarudishe katika maji yaleyale. Fanya hivyohivyo kwa kambale na perege, ukikumbuka kwamba perege ana kimo cha mwili na miiba ya mgongoni, hivyo wa saizi ya kiganja anajitetea vizuri mbele ya kambale ambaye angewamaliza wa saizi ya kidole.

Wafugaji wengi huteleza mahali pengine. Wanadhani hatari kwa vichanga vya perege ni mama au baba. Mama ndiye mlinzi wao: anayabeba mayai mdomoni, yanaangulika humo, na vichanga wanakaa humo mpaka kiini cha yai kiishe. Safari yote, tangu kutaga mpaka kuwaachia, huchukua kama wiki mbili maji yakiwa ya joto, na wakati huo mama hali chochote cha maana. Wanaowamaliza zaidi ni kaka na dada zao wa uzao uliotangulia, wale wenye urefu wa kidole. Wana njaa ya ukuaji, wanaogelea kwenye kina kifupi palepale vichanga wanapojikusanya, na vinywa vyao vinatosha. Kwa hiyo bwawa la perege watupu, lisilo na kambale hata mmoja, bado linaweza kula vifaranga vyake lenyewe.

Ndoo ya matundu

Kazi inayookoa samaki wengi kuliko nyingine zote ni kuwachambua kwa ukubwa. Haina gharama, ila inataka subira, na ndiyo maana inaahirishwa.

Tafuta ndoo ya plastiki ya lita ishirini. Toboa matundu mengi ya duara pembeni na chini kwa msumari wa moto au keekee, yote ya saizi moja, kisha ulainishe kingo kwa msasa. Tundu lenye ncha linachuna ngozi ya samaki, na ngozi iliyochunika huota ukungu ndani ya siku chache. Itumbukize ndoo hiyo ndani ya beseni kubwa la maji ya bwawani, mimina samaki humo, kisha uipandishe na kuishusha taratibu. Wadogo watatoka wenyewe kwa matundu, wakubwa watabaki. Ukiwa na ndoo mbili zenye matundu tofauti, unapata makundi matatu kwa asubuhi moja.

Usiwalishe siku moja kabla. Samaki mwenye tumbo lililojaa huchoka upesi akishikwashikwa, na hutapika na kuchafua maji ya beseni. Fanya kazi alfajiri au jioni, jua la saa sita lisiwakute. Lowesha mikono kabla ya kumgusa samaki yeyote, maana mkono mkavu unaondoa ute unaomkinga na maradhi.

Kambale wachanga wachambuliwe kila wiki mpaka wapite urefu wa kidole, halafu kila wiki mbili. Katika kila kundi utakuta wachache waliokua haraka kuliko wenzao, matumbo yamewatuna. Hao wamekwisha kuonja nyama ya ndugu zao, na hawatairudia mboga. Watenge mara moja, hata kama ni watano tu na huna pa kuwaweka zaidi ya ndoo yenye kifuniko. Watano hao wakiachwa mwezi mmoja watakugharimu zaidi ya mdiria yeyote. Perege hawahitaji haraka hiyo. Mara moja kwa mwezi inatosha, mradi uwe unaondoa vichanga kila wanapotokea.

Kuwaondoa vichanga hakuna ugumu ukijua saa. Asubuhi na mapema tembea ukingoni bila kupiga kishindo. Utaona kama wingu dogo jeusi likicheza kwenye kina kifupi, upande linakopiga jua la kwanza. Lichote kwa kitambaa chepesi cha pazia kilichofungwa kwenye fremu ya waya, uwapeleke kwenye tangi lao. Ukimkuta mama ambaye kidevu kimemvimba na hagusi chakula, ujue amebeba. Unaweza kumkinga kwa ndoo bila kumtoa majini. Akishtuka huwatema vichanga humo ndoani. Lakini hili lifanye kwa utulivu, na kama vichanga bado wana kiini tumboni waachie mama yao.

Chandarua kinachoua

Njia nyepesi ya kulea vichanga ndani ya bwawa lilelile ni kutundika kizimba cha kitambaa chenye matundu madogo, kikiwa kimefungwa kwenye miti minne, mdomo wake ukiwa juu ya maji. Maji yanapita, mkubwa hapiti. Kila mtu akisikia hivyo anakumbuka chandarua cha zamani kilichokunjwa juu ya kabati.

Kiache hukohuko. Vyandarua vinavyogawiwa kwa ajili ya malaria vimewekwa dawa ya jamii ya pairethroidi, na dawa hiyo, ambayo haimdhuru mtu aliyelala chini yake, ni sumu kali kwa samaki. Kufua mara kadhaa hakutoshi kukufanya uwe na uhakika. Nunua kitambaa cha nailoni cha pazia kisicho na dawa, mita chache tu, ushone mfuko wenye pembe nne. Uning'inize mbali na tope la chini, na uusugue kila baada ya siku tatu au nne, maana matundu yakizibwa na mwani hewa inaisha ndani na vichanga wanakufa wakiwa wamelindwa vizuri kabisa dhidi ya kambale.

Pa kujificha

Mfano mkubwa kuliko yote wa samaki wakubwa kuwamaliza wadogo tunao hapahapa Afrika Mashariki. Sangara alipandikizwa katika Ziwa Viktoria kuanzia miaka ya 1950. Kwa muda mrefu hakuonekana kuwa na madhara makubwa. Kufika miaka ya 1980 aliongezeka kwa kasi, na furu, wale samaki wadogo waliokuwa wamejaa ziwani kwa mamia ya aina, wakaanza kutoweka. Watafiti wa Uholanzi waliokuwa wakishirikiana na Watanzania katika Ghuba ya Mwanza waliona mabadiliko hayo wakiwa na nyavu mkononi: sehemu walizozoea kuvuta furu wakawa wanavuta sangara. Aina zipatazo mia mbili zinakadiriwa kupotea.

Waliopona zaidi walikuwa wale wa miambani, wanaoitwa mbipi na wavuvi wa Usukumani. Mwili wa sangara hauingii katika ufa wa jiwe. Furu wa maji ya wazi, ambaye kinga yake ilikuwa mbio tu, ndiye aliyeliwa.

Bwawa lako la turubai halina jiwe hata moja. Ni maji ya wazi tupu. Basi litengenezee miamba. Rundika mawe ya ukubwa wa kichwa katika pembe moja, si kuyatawanya, ili kati yake pabaki nyufa nyembamba zinazopinda. Chini ya rundo tandika kipande cha turubai kuukuu, usije ukatoboa la bwawa. Mawe Singida hatuyanunui. Magae ya vyungu na matofali yenye matundu yanafaa pia. Matawi makavu ya miti ya shambani hufanya kichaka kizuri cha majini, ila chagua miti usiyoshuku kuwa na utomvu wa sumu; mnyaa, kwa mfano, usiusogeze karibu na samaki. Na usiende kukata matawi katika Msitu wa Mgori kwa kazi hii. Vijiji vilianza kuutunza msitu ule katika miaka ya 1990 baada ya kuchoshwa na uharibifu, na matawi ya kupogolea mwembe wako yanatosha.

Hapa kuna mtego. Kambale naye anapenda shimo. Ni samaki wa usiku, mchana anataka giza, na ukimwekea bomba la inchi nne ukidhani unawasaidia wadogo, umemjengea mwizi nyumba mlangoni mwao. Upana wa nyufa uamuliwe na mwili wa mdogo unayemlinda. Akikua, ufa ule haumtoshi tena, lakini wakati huo na mdomo wa mkubwa haumtoshi.

Kuna njia ya uhakika kuliko mawe: kata pembe ya bwawa kwa wavu mgumu wa plastiki wenye matundu ya nusu inchi, uuzamishe mpaka chini na uupandishe kiganja kimoja juu ya maji. Wadogo wanaingia na kutoka, wakubwa wanabaki nje. Chakula cha vifaranga kimwage upande wa ndani. Baada ya siku chache watakuwa wamejua wenyewe pa kukimbilia.

Kambale kama askari

Kuna mfugaji ambaye anataka kwa makusudi kambale wale vichanga vya perege. Ana sababu. Perege huzaa mapema sana, na bwawa likijaa watoto wote wanadumaa, unavua samaki mia tano wasiotosha mboga ya siku mbili. Kambale wachache wanapunguza msongamano huo na wenyewe wanakuwa kitoweo.

Mpango huo unafaa kwa sharti moja, ambalo ni zamu ya kuingia. Perege watangulie. Wakifikia saizi ya kiganja ndipo uingize kambale wa urefu wa kidole, wachache. Kambale huyo atakula vichanga watakaozaliwa, wala hatawaweza wale uliowanunua. Ukianza na kambale, au ukiwaingiza wote pamoja wakiwa wanalingana, kambale atakua upesi kuliko perege na hesabu yako itageuka. Na ukishavua perege wa msimu huo, usiingize vifaranga vipya kabla ya kuhakikisha hakuna kambale mzee aliyezama matopeni. Anapumua hewa ya juu, kwa hiyo hata katika tope lenye maji ya kifundoni ataishi akikusubiri. Kausha bwawa, lichimbuechimbue, ndipo ulijaze.

Shibe

Samaki aliyeshiba anawinda kidogo. Kambale wenye njaa, hata walingane kama mapacha, watatafunana mikia. Vifaranga walishwe kidogokidogo mara nne au tano kwa siku, wakubwa mara mbili, na kambale wapewe sehemu kubwa ya chakula chao jioni giza linapoingia, ndiyo saa yao.

Mkoa wa alizeti hauna kisingizio cha kukosa chakula cha samaki. Mashudu, pumba za mahindi au mtama, na unga wa dagaa ndiyo mchanganyiko ulio karibu. Perege wakubwa wataendelea vizuri hata mashudu yakizidi. Vifaranga hawawezi: maganda ya alizeti ni makavu na magumu, na wao wanahitaji protini. Twanga, chekecha kwa chekecheo la unga, na kwao dagaa izidi. Kambale hasa, ukimnyima dagaa atajitafutia.

Anza kulisha wakubwa upande mmoja wa bwawa. Wakishakusanyika huko, walishe wadogo upande wa pili. Ukimwaga sehemu moja, mdogo atapata makombo, atadumaa, na kila wiki tofauti ya ukubwa itaongezeka mpaka naye awe chakula.

Tangi la kioo

Kwa wenye tangi sebuleni kanuni ni ileile, ila mambo yanakwenda haraka zaidi kwa sababu maji ni machache. Samaki wadogo wa mapambo wanaozaa watoto hai, kama gapi, hula watoto wao saa ileile ya kuzaa. Majani mengi yanayoelea juu yatawaficha, au mhamishie mama kwenye chombo kingine kabla hajazaa na umrudishe akimaliza. Ukinunua samaki mpya, mdogo atangulie kuingia tangini na apazoee kabla ya mkubwa kuja. Kama mkubwa yupo tayari, badilisha mpangilio wa mawe yote na umwingize mgeni taa ikiwa imezimwa; mwenyeji akikuta mitaa imevurugika anakuwa mgeni naye.

Wanaopenda samaki wa Ziwa Tanganyika, wale wanaosafirishwa kutoka Kigoma kwenda kwa wafugaji wa mapambo duniani, wataona ujuzi wa ajabu. Wapo wadogo wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Jike huingia humo na mayai yake, na kila adui anayejaribu anakuta mlango hauruhusu. Weka makombe tangini, zaidi ya idadi ya samaki, kazi yako imekwisha.

Kabla ya kiangazi

Mwezi wa Mei ndio wa kufanya uamuzi. Juni na Julai usiku wa Singida ni wa baridi. Maji yakishuka kuelekea nyuzi 20 perege wanaacha kuzaa, na wote wanakula kidogo na kukua taratibu. Kifaranga anayeingia Mei hatafikia saizi ya usalama kabla maji hayajapungua. Kwa hiyo Mei chambua bwawa zima, vuna wakubwa uwezao kuwala au kuwauza, na wadogo wahamishie kwenye tangi lao la akiba. Usisubiri Oktoba, bwawa likiwa robo, ndipo uanze kutafuta ndoo. Vifaranga vipya viingie mvua zikishika, bwawa likiwa limejaa.

Nunua kwa anayechambua. Muulize afisa uvuvi wa halmashauri ni wapi pa kuaminika. Vituo vya serikali vya kuzalisha vifaranga, kama Kingolwira pale Morogoro, vipo kwa ajili hiyo. Ukifika, omba uwaone kwenye beseni kabla ya kulipa. Wakiwa wamechanganyika, mmoja kidole na mwingine njiti ya kiberiti, kataa au dai wachambuliwe mbele yako, maana ndani ya mfuko wa plastiki, njiani, wataanza kulana kabla hujafika nyumbani.

Na wakikuzidi, mgawie jirani mwenye bwawa, wakaange, au wape kuku. Usiwamwage mtoni wala kwenye lambo la kijiji. Furu wa Ziwa Viktoria walipotezwa na samaki ambaye watu walimtia majini kwa mikono yao.